Mama hakujua anapigwa picha

Dada mmoja aliniletea picha ya marehemu mama yake nimchoree kwa rangi za mafuta. Si ya studio. Mama kakaa kwenye mbuzi anakuna nazi, kanga imemteleza begani, mdomo wazi. Bila shaka anamfokea aliyeshika kamera. Siku ya tatu kaka mtu akanipigia simu: "Fundi, mama hatoki nje bila kujitanda. Leo umtundike sebuleni vile?"

Dada ana hoja nzito. Enzi za mkanda wa picha 36, nani angepoteza hata moja kwa mtu anayekuna nazi? Ndiyo maana albamu zetu zimejaa watu waliosimama wima, mikono mapajani, kama wanapiga za paspoti. Ukimtaka mama mwenyewe, yumo kwenye hii ya kuviziwa.

Ila wanaopinga kuchora kwa kuangalia picha nao wanajua wanachosema. Flashi hufuta vivuli, pua ikalala. Kamera ikiwa karibu mno, goti hushinda kichwa kwa ukubwa. Na picha za rangi za miaka ya 1970 nyingi zimeingia wekundu, kwa kuwa buluu yake ndiyo iliyofifia. Mchoraji akiiga tu, kanga ya kijani ataipaka njano. Hapo wa kuulizwa ni shangazi anayeikumbuka.

Mjerumani Gerhard Richter aliutumia udhaifu huo makusudi. Mwaka 1965 alimchora mama yake mdogo, Marianne, kutoka picha ya nyumbani ya 1932: binti wa miaka 14, mbele yake mtoto mchanga, ambaye ni Richter mwenyewe. Rangi ikiwa mbichi akaipitishia burashi kavu, sura zikaingia ukungu. Marianne aliugua akili, na mwaka 1945 akafa katika mpango wa Manazi wa kuwaua wagonjwa. Ruhusa yake isingepatikana tena. Wapo wanaoona ule ukungu ni mtindo tu. Mimi naona kama amemfunika shuka.

Kamera haiwezi kumstiri mtu, burashi inaweza. Kwa hiyo bega nampa kaka: kanga nitaipandisha. Mdomo nampa dada. Nikiufunga nitakuwa nimemchora mama wa watu wengine.

Kaka hajakubali. Turubai nimeligeuza, linatazama ukuta.