Gharama ya Fundi Haiko Kwenye Mshahara Wake

Jumamosi nilikwenda kuchukua milango minane ya kabati katika karakana moja hapa Nakuru, nikakuta mafundi wanne langoni wanasubiri malipo yao ya mwisho. Mmoja wao ni mzee aliyenifundisha kunoa patasi nilipokuwa bado kijana wa kufagia vumbi la mbao. Akaniambia, "Kijana wangu, mashine imekuja, sisi tumemalizika." Ndani, mwenye karakana alikuwa akimwonyesha mgeni mashine ya CNC, yaani ya kukata mbao kwa kufuata programu ya kompyuta, aliyoinunua mwezi uliopita. Alisema amepunguza gharama ya kazi. Maneno hayo yameniuma wiki nzima.

Sina ugomvi na mashine. Mimi nina karakana ya watu watano, na ninaweka akiba ninunue kama hiyo. Ninachokataa ni hesabu ya yule mwenye karakana, kwamba gharama ya kazi inashuka kwa kufukuza mafundi.

Mwaka jana nilikaa wiki nzima na daftari, nikaandika kila walichofanya mafundi wangu, saa kwa saa. Nilidhani nitakuta uvivu. Nikakuta watu hawapumziki, ila msumeno wenyewe ulikuwa ukikata kwa muda mfupi mno. Muda mwingi uliobaki ulikwenda kupima, kusogeza kizuizi cha msumeno wa meza, kujaribu kwenye kipande cha mbao, kupima tena, kutafuta sampuli ya kazi ya mwezi uliopita, na kukata upya kilichopungua milimita mbili. Sisi hatutengenezi viti elfu moja vinavyofanana. Asubuhi ni kitanda cha futi tano kwa sita cha mtu wa Lanet, mchana ni milango miwili ya Section 58, jioni mwalimu wa Njoro anataka rafu za vitabu zitoshe kona ambayo hata haijanyooka. Kila oda inarudisha vipimo mwanzo, na mimi ndiye ninayelipia saa hizo.

Hapo ndipo mashine ya aina hii ina faida. Kutoka mlango kwenda rafu unabadilisha programu, pengine na kisu, basi. Vipimo vya mteja wa mwaka jana viko palepale. Bodi moja ya futi nane kwa nne inapangiwa vipande vya wateja watatu, mabaki yakawa machache. Nguvu yake ni kugeuka upesi kufuata oda ndogondogo, yaani kazi yetu hasa.

Sasa ukishakata haraka, nani anaunganisha? Nani anapiga msasa, nani anapaka vanishi, nani anakwenda kufunga kabati kwenye ukuta uliopinda? Karakana ile imefukuza watu wa kuunganisha. Niliona kwa macho yangu vipande vimekatwa safi, vimerundikwa mpaka kifuani, na vijana wawili wanahangaika navyo. Kazi imetolewa kwenye msumeno ikakwama kwenye gundi. Mteja halipi vipande, analipa kabati! Fundi aliyepunguziwa kupima ndiye angehamia huko, oda zikaongezeka, na mshahara wake uleule ukagawanyika kwenye vitanda na makabati mengi zaidi. Hivyo ndivyo gharama ya kazi inavyoshuka.

Tena kuna mbao zenyewe. Tangu serikali iliposimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma mwaka 2018, hadi Rais alipotangaza pale Molo mwezi Julai 2023 kwamba marufuku imeondolewa, tuliozoea kununua Elburgon tulijifunza kuthamini kila kipande. Hata leo naletewa saipresi mbichi. Mashine itaikata sawasawa, halafu mbao itasinyaa na mlango uache mwanya. Yule mzee anaishika tu, anaigonga kwa kidole, anakwambia iweke kando mwezi mmoja.

Stima nayo ikipotea, sote tunajua.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mwenye karakana ana mkopo wa mashine na benki haingoji. Pengine hakuweza kubaki na wote wanne. Lakini angebaki na mmoja anayejua mbao, amfundishe kijana wa kompyuta, na kijana amfundishe yeye.

Ile milango yangu minane ilikatwa vizuri kuliko nilivyowahi kukata mimi. Ila minne ilitobolewa matundu ya bawaba upande usiofaa, na hakuna aliyeikagua kabla ya kupakiwa. Jumatatu niliipeleka kwa yule mzee, nyumbani kwake Free Area. Akaziba matundu kwa vijiti vya mbao na gundi, akangoja ikauke, akatoboa upya kwa mkono. Ilimchukua mchana mzima, na nikamlipa siku nzima.