Tozo ya Ufundi Imnunulie Mwanafunzi Rodi

Tarehe 7 ya kila mwezi naijua kama ninavyoijua siku ya mshahara, kwa sababu ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile ambayo sisi wahasibu tunaiita SDL. Mwezi uliopita nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kuilipia kampuni ninayoifanyia kazi pale simu ilipoita, na aliyepiga ni mtoto wa kaka yangu anayesomea uchomeleaji katika chuo kimoja cha ufundi. "Shikamoo shangazi," akasema, kisha akanyamaza kidogo, kama afanyavyo kila anapokuja na shida. Mwalimu alikuwa amewaambia kila mmoja aje na pakiti yake ya rodi, vile vijiti vya chuma vya kuchomelea, kwa kuwa za chuo zilikuwa zimekwisha na mtihani wa vitendo ulikuwa karibu.

Nilimtumia fedha, na Jumamosi nikaenda kumwona. Karakanani niliwakuta vijana kumi na mmoja wakisubiri zamu kwenye mashine moja. Juu ya meza palikuwa na kopo la maziwa lililojaa vipande vya rodi vifupi kama kidole gumba, ambavyo mwalimu havitupi kwa sababu wanaoanza hujifunzia navyo kuwasha moto wa kuchomelea. Chuma cha mazoezi kilikuwa kimechomelewa, kikakatwa, kikachomelewa tena, hata hakikuwa na sehemu nzima iliyobaki.

Sasa niulize, kwa uchungu kabisa: fedha ninayoilipa kila mwezi kwa jina la ufundi stadi inakwenda wapi? Jibu limo katika mgawanyo wenyewe. Theluthi moja ya tozo hii huenda VETA, mamlaka ya umma inayosimamia mafunzo ya ufundi stadi, na theluthi mbili hubaki Serikalini, ambako kwa miaka mingi zimesaidia kugharimia mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Tozo yenyewe nayo imekuwa ikipunguzwa: ilikuwa asilimia 6 ya mishahara, mwaka 2013 ikawa 5, mwaka 2016 ikawa 4.5, na tangu mwaka 2023 ni 3.5. Maana yake ni kwamba VETA, iliyokuwa na haki ya shilingi 2 katika kila shilingi mia za mshahara, leo haki yake haifiki hata shilingi 1 na senti 20. Sina ugomvi na kupunguzwa kwa tozo, kwa sababu waajiri walikuwa wameelemewa, lakini kila ilipopunguzwa fundi alipunguziwa pamoja na wengine, ilhali mzigo wa mikopo ungeweza kuhamishiwa kwenye kodi nyingine na theluthi zote tatu zikabaki karakanani.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu naye ni mtoto wa Mtanzania na mkopo wake ni wa lazima. Alipiwe, ila asilipiwe kwa fedha iliyokusanywa kwa jina la mwenzake.

Jambo hili linagusa uchumi wa mikoa moja kwa moja. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo zimo nchini mwetu, zikipita katika mikoa minane, kuanzia Kagera. Katika kazi ya bomba, kiungo hakikubaliwi kwa kutazamwa kwa macho, bali hupigwa picha ya mionzi au kupimwa kwa mawimbi ya sauti, na tundu la hewa ndani ya chuma likizidi kipimo kinachoruhusiwa linatosha kumfanya mchomeleaji arudie kazi au aondolewe. Mkono wa namna hiyo haupatikani kwa nadharia. Hupatikana kwa kuunguza rodi mamia kwa mamia, na kijana aliyeunguza chache tu kwa muhula mzima ataishia kuchimba mtaro na kubeba mabomba katika mkoa wake mwenyewe, huku anayechomelea akiletwa kutoka mbali na kuondoka na mshahara wake.

Serikali inajenga vyuo vya VETA katika wilaya ambazo hazikuwa navyo, na ninalipongeza hilo kwa moyo wote. Hata hivyo jengo hujengwa mara moja, na rodi hununuliwa kila wiki. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975, vimetufundisha vya kutosha jinsi chuo chenye majengo imara kinavyoweza kudhoofika kwa kukosa fedha za uendeshaji.

Ninachowaomba wabunge wetu ni kurekebisha mgawanyo wa tozo hii katika sheria, na kutenga sehemu inayokwenda moja kwa moja kununua vifaa vya mazoezi, ikipimwa kwa idadi ya wanafunzi wa kila chuo.

Mtihani wa mtoto wetu ni wiki ijayo. Jana amenipigia kunieleza kwamba wenzake wawili wa bweni lake hawakupata mtu wa kuwatumia fedha, kwa hiyo pakiti ile ameigawa mafungu matatu.