Wachin si nyuso za mabibi tu

Ukitafuta picha za Wachin (si Wachina, angalia herufi), watu wa milima ya magharibi mwa Myanmar (zamani Burma), utaletewa nyuso za mabibi waliochorwa tatuu. Huyu anavuta kiko, yule wa mji wa Mindat anapuliza filimbi kwa pua. Maelezo hayabadiliki: eti walichorwa wangali wasichana ili wachukize, wafalme wa Burma wasiwachukue. Hadithi hiyo mimi hainiingii. Nani ahangaike na miiba na masizi kupanga vitone hapa na nusu duara pale, kila jamii na mchoro wake, kisha useme alikuwa anaharibu uso? Lile ni pambo, tena ni kitambulisho. Serikali ilipiga marufuku miaka ya 1960, ndiyo maana waliobaki nalo ni vikongwe.

Wachin wenyewe wanachosherehekea ni kingine. Tarehe 20 Februari 1948, Burma haijamaliza hata miezi miwili ya uhuru, watu zaidi ya 5,000 walikutana mji wa Falam kuamua kama machifu wa kurithi waendelee. Waingereza walikuwa wamewatawala kupitia machifu hao hao, na mwananchi ndiye aliyebeba mzigo wa kuwapelekea nafaka. Wakasema basi, sasa tutachagua viongozi wetu. Tanganyika ilifuta uchifu mwaka 1963, lakini kwa sheria kutoka juu. Kule Falam waliulizwa watu.

Wakaiita Siku ya Taifa la Chin. Neno "taifa" liliwakera watawala wa kijeshi, wakataka iwe Siku ya Jimbo. Naielewa hofu yao. Wachin ni watu wenye lugha nyingi, wa mji wa Hakha na wa mji wa Tedim hawasikilizani kirahisi, na hata jina "Chin" wengi wao hawalitumii nyumbani. Hujiita Lai, Zo, Cho, Asho. Tarehe hiyo moja ndiyo inayowakusanya.

Tangu mapinduzi ya kijeshi ya 2021, mji wa Thantlang ukachomwa moto, wengi zaidi wamekimbilia Mizoram, jimbo la India ng'ambo ya mpaka. Wengine wako Malaysia, na Indianapolis, Marekani, wamejaa. Februari ikifika huko hutolewa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na sufuria la sabuti hubandikwa jikoni: mahindi yaliyokobolewa, yanachemka saa nyingi pamoja na nyama na mifupa. Mpare wa Same, aliyezoea makande, angeonja kijiko kimoja, kisha aulize maharage yamekwenda wapi.