Si ngozi hiyo, ni plastiki

Wauza sofa wa Dar, hivi mnatuonaje? Mtu anauziwa zile sofa za kujilaza zinazoinua miguu, anaapiwa ni ngozi halisi, na masika ya pili hayajaisha tayari pale panapoegemea kichwa panabanduka, vipande vinamgandia shingoni kwa jasho. Hicho ni kitambaa kilichopakwa plastiki ya poliyurethani, na joto na unyevu wa pwani huila taratibu hata usipoikalia. Ngozi ya ng'ombe ina matatizo yake, hupasuka ikikauka na hushika ukungu ikikosa hewa, lakini haitoki maganda namna hiyo.

Geuza ukingo chini ya kiti, palipopigwa pini. Ukiona kitambaa kilichofumwa upande wa ndani, ondoka. Muuzaji akikukataza kuangalia, ondoka upesi zaidi.

Na iliyo halisi, jamani, msiiweke jua linapopiga, wala msiifute kwa jiki! Kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha, hasa panapoegemea kichwa, maana mafuta ya nywele huharibu rangi.

Kinachoniuma ni bei. Watu wanajinyima miezi na miezi. Andikeni basi kwenye risiti: ngozi, au plastiki.