Tusile Mbegu Tena kwa Ajili ya Kwatabeki

Jumamosi iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa nakwangua barafu kwenye kioo cha gari wakati jamaa yangu ninayempa lifti kwenda kazini alipofungua mlango, akaketi, akafunga mkanda, na kabla hata ya salamu akanitangazia kwamba dawa ya Cleveland Browns, timu yetu ya NFL, ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani, ameipata. "Kaka," akasema, "tutoe machaguo matatu ya raundi ya kwanza, tumchukue fulani, shida iishe." Chaguo ni zamu ya klabu kumchukua kijana anayetoka chuoni katika drafti, mgawo wa wachezaji wapya wa kila mwaka. Fulani huyo ni kwatabeki, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, nyota wa timu nyingine ambaye kila baridi ikiingia huvumishwa kwamba amechoka na waajiri wake. Nilibaki na kikwanguo mkononi, baridi ikinipenya mpaka kwenye meno, nikijiuliza mtu huyu alikuwa wapi Machi 2022.

Alikuwepo. Alikuwa nyumbani kwangu, kwenye kochi langu, akila maharagwe ya nazi aliyopika mke wangu, siku zilipotoka habari kwamba tumewapa timu ya Houston machaguo yetu ya raundi ya kwanza ya 2022, ya 2023 na ya 2024, pamoja na mengine matatu ya raundi za chini, ili tumpate kwatabeki wao, Deshaun Watson, kisha tukamwandikia mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 230 ambao kila senti yake ilikuwa na dhamana. Jamaa yangu alishangilia hadi jirani akagonga ukuta. Mimi sikushangilia, lakini kwa kuwa nimeamua kusema kweli, sikunyamaza kwa hekima yoyote. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani huenda mpango ule ungefanikiwa.

Yaliyofuata mnayajua. Zaidi ya wanawake 20 walikuwa wamemfungulia kesi za madai ya udhalilishaji wa kijinsia, naye akakana. Hakufikishwa mahakamani kwa kosa la jinai, lakini ligi ilimfungia mechi 11 na kumtoza faini ya dola milioni 5. Klabu iliyajua madai hayo kabla ya kusaini, ikasaini. Mimi nina binti, na nilishindwa kumweleza kwa nini mtu huyu ndiye aliyestahili mkataba wenye dhamana kubwa kuliko ya kwatabeki yeyote kabla yake. Hilo peke yake lingetosha kuufanya uamuzi ule uwe mbaya, hata kama angetushindia kila mechi. Hakutushindia. Katika misimu yake mitatu ya kwanza alicheza mechi 19: sita, sita, kisha saba, mpaka kano ya kisigino ilipokatika Oktoba 2024, na kukatika tena baadaye wakati alipokuwa anauguza. Mwaka 2025 mmiliki mwenyewe, Jimmy Haslam, alikiri hadharani kwamba walijaribu jambo kubwa wakakosa. Ahsante, mzee. Sisi tuliokaa kwenye upepo wa Ziwa Erie mwezi Desemba tulikuwa tumeanza kushuku.

Kinachonikera ni kwamba somo hili watu wameligeuza kuwa somo la Watson. Wanasema tulikosea mtu. Laiti tungechagua nyota mwenye mwenendo mwema na kisigino kizima, machaguo yale matatu yangekuwa yametumika vizuri. Hapo ndipo ninapotofautiana na jamaa yangu, na nadhani ninatofautiana pia na nusu ya mji huu, kwa sababu naamini kwamba hata nyota mwenye afya na adabu angefika hapa akakuta tumekwisha kuuza watu ambao wangemsaidia kushinda.

Tulichunguze chaguo la raundi ya kwanza ni kitu gani hasa, tukiacha lile jina la kwenye karatasi. Ni kijana mmoja mwenye umri wa miaka 21 au 22, ambaye tangu makubaliano ya 2011 kati ya ligi na wachezaji mshahara wake umepangwa na ligi kwa miaka minne, na klabu ina hiari ya kuongeza wa tano. Katika ligi yenye kikomo cha jumla ya mishahara ya kila timu, kijana huyo akiwa mzuri anakufanyia kazi ya mtu wa dola milioni 20 kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo, na zile zinazobaki ndizo zinazomlipa beki wa kushoto anayemlinda kwatabeki, na mpokeaji anayedaka pasi zake, na jitu la katikati la safu ya ulinzi ambalo hakuna anayejua jina lake mpaka liumie. Ukitoa machaguo matatu kwa mpigo, umetoa vijana watatu wa namna hiyo, na papo hapo umemwajiri mtu anayekula zaidi ya moja ya tano ya kikomo chote. Mwaka 2022 kikomo kilikuwa dola milioni 208.2, na wastani wa mkataba wa Watson ulikuwa milioni 46 kwa mwaka. Kisha, kwa kuwa fedha hazitoshi, mnaufumua mkataba na kuusuka upya, mnausogeza mzigo mbele mwaka hadi mwaka, kama mtu anayekopa dukani kulipa deni la duka jingine. Bibi yangu kule Muheza aliwahi kuona njaa ikimfanya jirani apike mahindi aliyokuwa ameyatundika juu ya jiko kwa ajili ya mbegu. Watoto walishiba siku mbili. Msimu wa mvua ulipofika, shamba lake lilikuwa limelimwa vizuri sana.

Sasa mtazame aliyepokea mbegu zetu. Mwaka 2023 Houston walitumia chaguo lao wenyewe, la pili katika foleni ya drafti, kumchukua C.J. Stroud, kwatabeki ambaye mkataba wake mzima wa miaka minne ulikuwa wa takriban dola milioni 36. Someni tena, miaka minne kwa fedha ambazo hazifikii mwaka mmoja wa wetu. Siku hiyohiyo walilichukua chaguo letu, la 12, wakaliweka kwenye kifurushi kilichowapandisha hadi la tatu, wakamchukua Will Anderson. Msimu ulipoisha, vijana hao wawili walitwaa tuzo za mchezaji mpya bora, mmoja wa ushambuliaji na mwingine wa ulinzi. Na Januari 2024, katika mchezo wa kwanza wa mtoano, nani alitupiga 45 kwa 14? Sihitaji kujibu. Nilizima televisheni kabla ya robo ya nne na kwenda kukoroga uji ambao hakuna aliyeuomba.

Mwezi uleule wa Machi 2022, Denver walifanya yaleyale kwa kwatabeki Russell Wilson: machaguo mawili ya raundi ya kwanza, mawili ya raundi ya pili, wachezaji watatu juu yake, na nyongeza ya mkataba ya dola milioni 245 kabla hajawachezea hata mechi moja ya ligi. Miaka miwili baadaye walimtema wakabaki na deni la dola milioni 85 kwenye vitabu vyao. Wakiwa bado wanalilipa deni hilo, walimchukua kwatabeki Bo Nix kwa chaguo lao la 12 katika drafti ya 2024, na msimu wake wa kwanza akawafikisha kwenye mtoano.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna waliofanikiwa kwa kununua. Los Angeles Rams walitoa machaguo mawili ya raundi ya kwanza, moja la raundi ya tatu na kwatabeki wao Jared Goff ili kumpata mwenzake Matthew Stafford mwaka 2021, na Februari 2022 wakabeba kombe. Lakini nyumba ile ilikuwa imekwisha kujengwa. Walikuwa wamefika fainali miaka mitatu kabla, na Aaron Donald wa safu yao ya ulinzi alikuwa bado anawatisha watu wazima. New Orleans walimpata kwatabeki Drew Brees mwaka 2006 akiwa mchezaji huru, bega lake likiwa limetoka kufanyiwa upasuaji na Miami wakiliogopa, na hawakutoa chaguo hata moja. Mchezaji huru ni jambo jingine kabisa. Fedha unatoa, mbegu unabaki nazo. Na hata kupanda ngazi ndani ya drafti, kama Kansas City walivyopanda kutoka la 27 hadi la 10 kumfuata kwatabeki Patrick Mahomes, ninaweza kukuvumilia, kwa kuwa angalau unanunua ile miaka minne ya bei nafuu.

Jamaa yangu, tulipofika taa za barabarani, alinitupia hoja ambayo najua na ninyi mnayo mdomoni: sisi tumekuwa tukitumia drafti tangu turudi kwenye ligi mwaka 1999, na imetupa nini? Tim Couch, chaguo la kwanza kabisa. Brady Quinn, Brandon Weeden na Johnny Manziel, wote watatu kwa chaguo la 22, kana kwamba namba ile ilikuwa na zindiko. Ilikuwepo jezi maarufu hapa mjini, namba 2 ya Couch, ambayo mgongoni mwake yalibandikwa majina ya kila kwatabeki aliyeanza baada yake, moja chini ya jingine, mpaka mgongo ukajaa. Hoja hiyo ina uzito, sikatai. Ila tazameni tulivyowatunza hao vijana. Couch alianza mechi ya pili tu ya timu iliyokuwa imekusanywa mwaka uleule, nyuma ya safu ya mbele iliyokuwa wazi kama kanga iliyoanikwa. DeShone Kizer, wa raundi ya pili, alisukumwa uwanjani msimu wa 2017 akiwa na miaka 21, akaanza mechi 15 na kupoteza zote. Weeden alichaguliwa akiwa na miaka 28, umri ambao wenzake wanasaini mkataba wa pili. Joe Thomas, mlinzi bora wa kwatabeki niliyewahi kumwona kwa macho yangu, alikuwa uwanjani kila mpira ulipoanzishwa, mara 10,363 mfululizo bila kutoka, na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya mtoano, kwa sababu ukuta hauwi ukuta kwa tofali moja.

Aaron Rodgers alisugua benchi miaka mitatu Green Bay kabla ya kukabidhiwa timu, na Jordan Love naye akasugua miaka mitatu nyuma ya Rodgers. Mahomes alikaa karibu mwaka mzima akimtazama Alex Smith. Sisi hapa kijana akikosea pasi mbili za mazoezi mwezi Agosti, watu wanataka arudishiwe nauli. Nimekulia Kariakoo, na ugonjwa huu naujua vizuri: mshambuliaji anapokelewa uwanja wa ndege kwa matarumbeta mwezi Julai, na dirisha dogo likifunguliwa Desemba anarudishwa kwao bila hata king'ora.

Na lipo la kwatabeki Baker Mayfield, ambalo ndilo linaloniuma. Tulimchagua wa kwanza mwaka 2018, tukitoka kwenye msimu wa 0 kwa 16, yaani bila ushindi hata mmoja. Januari 2021, kocha akiwa amefungiwa nyumbani kwa sababu ya korona, kijana huyo aliongoza timu kuwafunga Pittsburgh, kwao, 48 kwa 37, ushindi wetu wa kwanza wa mtoano tangu siku ya mwaka mpya wa 1995. Msimu uliofuata alicheza na bega lililochanika, akacheza vibaya, na sisi tukahitimisha kwamba tatizo ni yeye. Tulimpeleka Carolina kwa chaguo la chini lenye masharti, huku tukichangia mshahara wake, yaani tulilipa ili aondoke. Leo yuko Tampa Bay, ambako alishinda taji la kanda mwaka 2023 na tena 2024. Jezi yake namba 6 niliyomnunulia mwanangu ilimbana zamani. Binti yangu ndiye anayeilalia sasa, na kila usiku jina lile linapita sebuleni likielekea kupiga mswaki.

Kwa hiyo nilimweleza jamaa yangu ninachotaka. Katika drafti ya 2025 klabu ilifanya jambo la busara ambalo lilizomewa hapa mjini: ilikuwa na chaguo la pili, ikaliuza kwa Jacksonville, ikapata la tano, la 36, na juu yake chaguo la raundi ya kwanza la 2026. Ikamchukua Mason Graham wa safu ya ulinzi, kisha ikawachukua kwatabeki wawili kwa bei ya kutupa, Dillon Gabriel raundi ya tatu na Shedeur Sanders ya tano. Sisemi kwamba mmoja wao ndiye. Nasema kwamba hivyo ndivyo kutafuta kunavyopaswa kuwa: kila mwaka uchukue mmoja, umlete kambini, umtazame, kwa kuwa Tom Brady alichaguliwa wa 199 na Brock Purdy wa 262, wa mwisho kabisa, na hakuna mjuzi aliyewaona. Wakati huohuo mzee mmoja wa kukodi anashika usukani, kama Joe Flacco alivyotoka kwenye kochi lake Novemba 2023 na kutupeleka kwenye mtoano. Machaguo ya juu yajenge safu ya mbele kwanza, na kwatabeki wa raundi ya kwanza achukuliwe mwaka atakapoangukia mikononi mwetu kwa zamu yetu, kisha akae benchi mwaka mzima, hata mashabiki wakilia.

Jamaa yangu alinisikiliza mpaka tukaingia kwenye maegesho ya kazini. "Kaka," akasema akifungua mkanda, "vipi tukitoa mawili badala ya matatu?" Jumatatu nitampitia kama kawaida, maana basi la saa ile halipo, ila nimeshamwambia kwamba akilitaja tena jina la yule nyota kabla hatujavuka daraja, sehemu iliyobaki ataitembea.