Kati ya Programu ya Bure na ya Kuchakachua

Steshenari ninayoizoea hapa Mtwara iko Chikongola, chumba kimoja chenye kompyuta tatu na mashine ya fotokopi inayoizidi redio kwa kelele. Msimu wa korosho ukianza, Oktoba, hapakaliki. Makarani wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, wanaleta mihtasari ya vikao, wanachuo wanaleta ripoti za mafunzo kwa vitendo, na kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Ni katika msimu kama huo wateja walipoanza kurudi na malalamiko: flashi zao zikichomekwa pale, mafolda yanapotea na kubaki shotikati zisizofunguka. Fundi alipoitwa akakuta kinga ya virusi ya Windows imezimwa, tena zamani, tangu siku ile ya kuweka Office, programu za ofisi za Microsoft kama Word na Excel. Isingezimwa, faili la kuvunjia leseni lisingepita.

Nilimwambia mwenye duka kwamba Office ya wizi imemponza. Akanikatiza. "Mwalimu, mimi sijaiba kitu. Nilimpa fundi elfu kumi na tano, taslimu."

Jibu hilo lilinifumba mdomo, na bado nalifikiria. Wapenzi wa programu za bure, nami nikiwamo, tumezoea kuanza na bei: LibreOffice, inayofanya kazi kama za Office, haiuzwi, kwa nini uhangaike na Office? Kwa dada huyu hoja hiyo haina uzito hata kidogo. Fundi akimwekea LibreOffice atataka elfu kumi na tano ile ile, maana anacholipwa ni mkono wake na muda wake. Kwa hiyo zote mbili kwake zina bei moja. Anayetaka kumshawishi abadilishe itabidi aje na jambo lingine.

Jambo la kwanza ni lile la kinga. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows huja na kinga yake ya virusi, na kwa duka la kuchapisha inatosha kabisa ikiachwa iwake. Programu za kuchakachua huanza kwa kukuomba uizime. Unamfungulia mlango mtu usiyemjua ili akupe kitu ambacho kwa LibreOffice ungekipata mlango ukiwa umefungwa. Sheria nayo ipo: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta sawa na vitabu na muziki. Lakini sitajidai kwamba woga wa sheria ndio utakaobadilisha steshenari za Chikongola. Woga wa kupoteza wateja unaweza.

Hapa Kiswahili kinatufaa, kwa kuwa kina maneno mawili. Kuna programu ya bure na kuna programu huria. Ya bure hulipii, basi. Mwenyewe akiamka kesho akaijaza matangazo, huna la kufanya. Huria ni ile ambayo leseni yake inakuruhusu kuinakili, kuigawa na hata kuibadilisha. VLC, inayofungua karibu kila video inayopita kwenye simu za watu, ilianzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996 na ikatolewa kwa GPL, leseni maarufu ya programu huria, mwaka 2001. 7-Zip ya Igor Pavlov, ya tangu 1999, haifiki hata MB 2 na inafungua mafaili yaliyobanwa bila kukukumbusha kila mara kwamba siku zako 40 za majaribio zimekwisha, kama inavyofanya WinRAR. (Sijawahi kukutana na mtu aliyeilipia WinRAR. Kama yupo Mtwara, nitamnunulia kahawa.)

Ruhusa ya kugawa ndiyo naiona kubwa kuliko zote kwa mikoa yetu. LibreOffice ya Windows ni karibu MB 350, na kwa mtu wa bando hilo si dogo. Lakini ikishapakuliwa mara moja mjini, flashi moja inaweza kuifikisha Tandahimba, Newala na Masasi, ikawekwa kwenye kompyuta mia, na hakuna aliyekosewa. Tulichozoea kukifanya kwa kujificha, hapa leseni yenyewe inakiruhusu. Na ikishakaa kwenye kompyuta haihitaji mtandao. Wanaosema tuhamie kwenye huduma za kuandikia mtandaoni, ambazo nazo ni za bure, wakumbuke tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na nchi nzima ikabaki inatazama vizunguzungu kwenye kioo. Siku hiyo aliyekuwa na programu ndani ya mashine yake aliandika barua yake akamaliza.

Sasa upande wa pili, ambao wapenzi wa programu huria huupitia harakaharaka.

Tulijaribu. Tuliweka LibreOffice kwenye kompyuta moja, na wiki ya kwanza karani mmoja alileta barua yenye nembo, jedwali na nafasi ya sahihi tatu. Ilipofunguka, nembo ilikuwa imeteleza upande, jedwali limenenepa, na sahihi ya mwenyekiti imerukia ukurasa wa pili peke yake. Yule karani alitutazama kama tulioharibu mali ya ushirika. Sababu zake zinaeleweka. Fonti kama Calibri ni mali ya Microsoft, na LibreOffice huweka mahali pake Carlito, yenye herufi za upana ule ule ili mistari isihame. Inasaidia kwenye barua ya kawaida. Barua iliyopangwa kwa kubonyeza nafasi mara hamsini na kubandika visanduku juu ya visanduku, namna wengi wetu tulivyojifunza, haiwezi kuvumilia hata badiliko dogo.

Kisha kuna mtego wa fomati. Usipoiambia vinginevyo, LibreOffice huhifadhi kwa ODT, fomati yake yenyewe, si ile ya Word. Mwanachuo mmoja alihifadhi hivyo, akaondoka, na kwenye simu yake faili likagoma kufunguka usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Dawa yake ni ya dakika moja, kuingia kwenye mipangilio na kuchagua fomati ya Word iwe ya kudumu, lakini nani angemwambia? Fundi hakumwambia, na mimi niliyekuwa nahubiri sikukumbuka.

Kikwazo kigumu zaidi ni Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vyeti. Kadi za harusi, ratiba za misiba, vyeti vya mahafali ya chekechea, vyote pale viko kwenye mafaili ya Publisher ya miaka mingi. Draw, sehemu ya LibreOffice ya kuchorea, inayafungua, ila mapambo huvurugika, na mama wa bibi harusi hataki maelezo ya leseni. Wenye studio za picha nao wamezoea Photoshop kiasi kwamba wakipewa GIMP, programu huria ya kuhariri picha, huona kama wamepewa jembe la mkono wa kushoto, siwalaumu. Na kijana anayetafuta kazi atakuta tangazo linataka anayejua Word na Excel, kwa majina.

Yapo ambayo tungeweza kuringia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice, iliyoizaa LibreOffice, kwa Kiswahili. Hata leo LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, wakati kwenye kompyuta nyingi ninazozikuta mjini barua ya Kiswahili hupigiwa mistari myekundu mwanzo hadi mwisho, utadhani kosa ni lugha.

Nikiulizwa, nasema VLC na 7-Zip hazina mjadala, ziwekwe leo, kutoka kwenye tovuti zao wenyewe na si kwenye zile zenye vitufe vitano vya kijani vya kupakulia. LibreOffice iwekwe kwa kazi inayoanza na kuisha pale pale, ikatoka kama PDF au karatasi. Faili linalokwenda na kurudi kati ya ofisi mbili lenye majedwali mazito, wenye ofisi wanunue leseni. Kuhamia Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, moja kwa moja nisingemshauri mwenye steshenari asiye na fundi wa kumwita, ingawa Windows 10 ilifikia mwisho wa matunzo yake tarehe 14 Oktoba 2025 na laptopu za mtumba nyingi haziwezi kubeba Windows 11. Ubuntu, mojawapo ya Linux, inaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo. Ajaribu kwanza, na printa iwe imewashwa.

Dada wa Chikongola hakunifuata moja kwa moja. Kompyuta mbili sasa zina LibreOffice na kinga inawaka, ya tatu imebaki na Publisher yake, haichomekwi flashi ya mteja. "Barua huku, kadi kule," huwaambia wanaoingia. Nimemweleza kwamba Microsoft wenyewe wametangaza kuacha kuihudumia Publisher Oktoba 2026. Akaniuliza kama hiyo Oktoba itaangukia msimu.