Mfumuko wa ulimwengu: nadharia isiyonasika?

Mswahili akisikia "mfumuko" anawaza bei ya unga. Si makosa: mwaka 1981, mwanafizikia Alan Guth alipochapisha nadharia yake ya mfumuko wa ulimwengu, Marekani nayo ilikuwa ikilia na mfumuko wa bei.

Kilichomsumbua Guth kilitoka kwenye fizikia ya chembe. Nadharia za kuunganisha kani za asili zilidai kwamba ulimwengu mchanga ungezaa sumaku tele zenye ncha moja tu, na hakuna aliyewahi kuiona hata moja. Akajibu: ndani ya kipande kidogo mno cha sekunde ya kwanza, anga lilitanuka ghafla, sumaku hizo zikatawanyika zisionekane tena. Hapohapo ikaeleweka kwa nini mnururisho wa kale, yaani mwanga uliobaki tangu ulimwengu ukiwa mchanga, una halijoto ileile, karibu kelvini 2.7, kila tunakotazama: pande hizo zamani zilikuwa majirani.

Watetezi wana karata nyingine, nami naiona ndiyo nzito zaidi. Mitetemo ya kikwanta (mitikisiko midogo mno ya kimaumbile), iliyokuzwa na mfumuko, ndiyo mbegu za galaksi, na nguvu yake haitakiwi kulingana kabisa katika vipimo vyote. Kwenye kipimo ambacho 1 ni usawa kamili, setilaiti ya Planck, iliyopima mnururisho huo wa kale, ilipata takriban 0.965.

Mwanafizikia Paul Steinhardt, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa nadharia hii, haridhiki. Mwaka 2017, pamoja na Anna Ijjas na Abraham Loeb, alidai kwamba nadharia hii hupindika kufuata matokeo yoyote. Guth, mwasisi mwingine Andrei Linde na wenzao wakajibu kwa barua yenye sahihi 33. (Sahihi nyingi si ushahidi, lakini tuliache hilo.)

Steinhardt ana hoja nusu. Machi 2014 timu ya BICEP2, huko Ncha ya Kusini, ilitangaza alama za mawimbi ya mvutano ya mwanzo, ambayo mfumuko unatarajiwa kuyazaa. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa vumbi la galaksi yetu. Mfumuko haukutikisika, kana kwamba haukuwa umeweka dau lolote. Ila vipimo vya 2021 viliposhusha kiwango cha mawimbi hayo (yakilinganishwa na mitetemo iliyozaa galaksi) chini ya 0.036, miundo myepesi aliyoiasisi Linde mwenyewe iliangushwa. Kwa hiyo watoto wanakufa, ukoo unabaki.

Muundo mwingine wa mfumuko, wa mwanafizikia Alexei Starobinsky, wa 1980, unatabiri kiwango cha karibu 0.003. Darubini zijazo zikipita hapo bila kuona kitu, watetezi watalazimika kusema ni namba gani ingewafanya wakubali wameshindwa. Mpaka leo hawajaitaja.